Mtu, Mwenzi na Jirani: Msamiati wa Maadili ya Uhusiano na Mfano wa Katumba, Mpanda

1.0 Utangulizi

Swali la namna mtu anavyopaswa kumtendea mwenzake limezoeleka kuachiwa wanafalsafa, viongozi wa dini na wazee wa ukoo. Wanaisimu wameligusa kwa nadra, pengine kwa kudhani kwamba kazi yao hukomea kwenye umbo la maneno na kwamba wema na ubaya ni mambo yaliyo nje ya sarufi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina upungufu. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine za Kibantu, sehemu kubwa ya fikra juu ya kutenda haki baina ya watu imejengwa ndani ya minyambuliko ya vitenzi na ndani ya nomino zinazomtaja mtu kwa uhusiano wake na mtu mwingine. Kuyachunguza maumbo hayo ni njia mojawapo ya kuelewa wasemaji wanadaiana nini.

Mfano unaotumiwa ni wa Katumba. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1973 katika wilaya ya Mpanda, magharibi mwa Tanzania, kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Pamoja na Ulyankulu iliyoko Tabora, na Mishamo iliyofunguliwa mwaka 1978, Katumba ilikuwa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi nchini. Kwa muda mrefu Mpanda ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Katavi, na Katumba iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo. Sababu ya kuichagua ni kwamba hapo wasemaji wa Kirundi waliishi kwa miongo kadhaa katika nchi ambayo lugha yake ya shule na ya ofisi ni Kiswahili, wakizungukwa na wenyeji kama Wabende na Wakonongo. Lugha hizi ni za ukoo mmoja, lakini maneno yao ya maadili hayalingani kila mahali. Tofauti hizo, pamoja na mifanano yake, ndizo zinazotoa mwanga.

2.0 Mtendwa na mtendewa

Jozi ya kwanza ya kuzingatiwa ni "kumtenda mtu" na "kumtendea mtu". Vitenzi hivi vina mzizi mmoja, na kinachovitofautisha ni kiambishi cha kauli ya kutendea. Hata hivyo, maana zake zimeachana mbali. Anayesema "Amenitenda" amekwisha kulalamika, wala hahitaji kuongeza neno ubaya. Anayesema "Amenitendea" hajamaliza sentensi yake; msikilizaji hungoja aambiwe kama ni wema, hisani, haki au dhuluma. Katika umbo la kwanza mtu amekuwa kitu kilichofikiwa na tendo moja kwa moja. Katika umbo la pili mtu amekuwa mlengwa, na tendo lenyewe linabaki wazi kupimwa.

Hali kama hiyo hujitokeza katika vitenzi vingine. "Kumsema mtu" ni kumteta, aghalabu akiwa hayupo, ilhali "kumsemea" ni kusema kwa niaba yake. "Kumkosa mtu" ni kutomwona au kutompata, ilhali "kumkosea" ni kumvunjia heshima au kumnyima haki yake. Jozi hii ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini. Kosa, kwa asili ya neno, ni upungufu: kitu kilichotakiwa kuwapo hakikuwapo. Kauli ya kutendea inapoongezwa, upungufu huo unapata mwenyewe, yaani mtu ambaye kwake ulitokea. Kwa hiyo katika Kiswahili kosa baina ya watu linasimuliwa kama deni ambalo mdai wake anajulikana.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa kanuni isiyo na vighairi. Vitenzi "kumpenda", "kumsaidia" na "kumheshimu" vinamweka mtu katika nafasi ya yambwa bila kuleta maana mbaya, na "kumtendea ubaya" ni usemi wa kawaida. Linaloweza kudaiwa ni dogo zaidi, nalo ni hili: pale ambapo lugha ina maumbo mawili ya kitenzi kimoja kwa tendo baina ya watu, umbo la kutendea ndilo linalomfungulia mtu nafasi ya kuwa na haki katika tendo hilo.

Kauli ya kutendana inakamilisha mfumo huo. "Kusaidiana", "kuheshimiana" na "kuaminiana" ni matendo yasiyoweza kufanywa na mtu mmoja. Kirundi kina mwambatano uleule katika vitenzi kama "gufashanya", kusaidiana, na "gukundana", kupendana. Aidha, kina kitenzi "kubana", ambacho kwa sehemu zake ni kuwa na kiunganishi cha "na", yaani kuwa pamoja, kuishi pamoja. Mswahili anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hupotoshwa na "kubana" la kwake, lenye maana ya kukaza na kusonga. Nomino "umubanyi", yaani jirani, inatokana na kitenzi hicho cha Kirundi: jirani ni yule ambaye mtu yuko pamoja naye. Neno la Kiswahili, "jirani", limetoka katika Kiarabu, ambako umbo lake ni la wingi. Asili mbili tofauti zinakutana katika wazo moja, kwamba ujirani hauwezi kuwa wa mtu mmoja.

3.0 Mkimbizi na mwenzi

Majina ambayo wakazi wa Katumba waliitwa, na ambayo wao waliitana, yanaonyesha jinsi nomino inavyoweza kufungua au kufunga mlango wa haki. Neno "mkimbizi" limeundwa kwa kanuni ya kawaida ya kuunda jina la mtendaji: kitenzi "kimbia" kilikuwa na sauti ya l iliyopotea, nayo hugeuka z mbele ya kiishio i, kama inavyoonekana katika "komboa" na "mkombozi", "tetea" na "mtetezi", "ombea" na "mwombezi". Kirundi kinatumia "impunzi", kutoka "guhunga", kukimbia, kwa utaratibu unaofanana. Katika lugha zote mbili, basi, mkimbizi ni mtu anayetambulishwa kwa tendo alilolifanya.

Ugumu unaanza kizazi cha pili. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1985 hakukimbia kitu chochote. Alitembea kwenda shule, akasomeshwa kwa Kiswahili, akalima shamba la wazazi wake. Hata hivyo kisheria na katika mazungumzo ya kila siku aliendelea kuitwa mkimbizi. Jina la mtendaji lilimpa tendo la mtu mwingine, na pamoja na tendo hilo likampa mipaka yake, kwa kuwa sheria za wakimbizi za Tanzania zilimtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa na kutoka kwa kibali. Hapa sarufi na maadili vinagongana waziwazi: neno linasema ametenda, naye hajatenda.

Kinyume chake ni neno "mwenzi". Kwa kanuni ileile inayotoa "mlinzi" kutoka "linda" na "mpenzi" kutoka "penda", neno hili linahusishwa kwa urahisi na kitenzi "enda". Kirundi kinalo "umugenzi", kutoka "kugenda", lenye maana ya msafiri na pia ya rafiki au mwenzake mtu. Mwenzi, kwa hiyo, ni mtu anayekwenda pamoja na mwingine. Ni jambo la kufikirisha kwamba "mkimbizi" na "mwenzi" ni majina mawili ya watu wa safari. La kwanza linamtaja msafiri kwa kile anachokiacha nyuma. La pili linamtaja kwa yule aliye ubavuni mwake.

"Mwenzi" lina sifa nyingine ya kisarufi. Nje ya maana ya mume au mke, halipendi kusimama peke yake, na hushikamana na kimilikishi: mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzetu. Katika hili linafuatana na majina ya jamaa, kama vile mkewe, mumewe, nduguye, babaye. Shaaban Robert alipoita kitabu chake cha mwaka 1952 Adili na Nduguze, aliweka katika jina hilo aina mbili za maneno ya maadili: "adili", neno la sifa lisilohitaji mwenyewe, na "nduguze", neno lisiloweza kuwapo bila mwenyewe. Hadithi yenyewe ni ya mvutano baina ya hayo mawili, kwani mtu mwadilifu anatendwa ubaya na watu ambao hawezi kuacha kuwaita wake.

4.0 Kusamehe na kupatana

Adili anaamriwa kuwapiga kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, na hadithi inafikia mwisho wake kwa maombezi ya mfalme Rai, ndugu wakarudishiwa umbo la binadamu. Funzo la kisa hicho linaelekea kwenye suala la msamaha, na hapa Kiswahili na Kirundi vinatofautiana kwa namna yenye manufaa.

Kiswahili kimepata "kusamehe" kutoka Kiarabu, na mzizi wake una dhana ya upole na ukarimu: anayesamehe anaachilia alichostahili kudai. Usemi "niwie radhi" unaegemea wazo jingine, la kumwomba aliyekosewa awe na ridhaa kwa aliyemkosea. Kitenzi "wia" kinachotumika hapo kinafanana kwa umbo na "wia" chenye maana ya kumdai mtu deni, ambacho hutoa "wiwa", kudaiwa. Iwapo viwili hivyo vina asili moja au la, ujirani wake masikioni unafaa: anayeomba radhi ni mdaiwa.

Kirundi husema "kubabarira". Mzizi wake ni "kubabara", kuumia au kuhuzunika, ukiongezewa kiambishi cha kutendea. Kwa sehemu zake, neno hilo ni kuumia kwa ajili ya mtu. Si lazima msemaji ayasikie maumivu hayo kila anapolitamka, kama vile Mswahili hasikii "pata" kila anaposema "patana". Hata hivyo umbo linahifadhi hukumu nzito kuhusu msamaha, kwamba una gharama na kwamba mwenye kuilipa ni yule aliyekosewa. Kwa watu waliopoteza jamaa mwaka 1972, katika mauaji ambayo idadi ya waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 200,000 au zaidi, gharama hiyo haikuwa ya nadharia.

Ikiwa msamaha ni kazi ya aliyekosewa, upatanisho ni kazi ya watu wa tatu. Neno "kupatanisha" limejengwa kwa ngazi: kwanza "pata", kisha "patana", yaani kila mmoja kumpata mwenziwe, kisha kiambishi cha kusababisha. Mpangilio wa viambishi ni mpangilio wa kazi yenyewe. Mpatanishi hampatii mtu yeyote hukumu. Anawafanya wawili wapatane, na kama kupatana hakukutokea, kazi yake haijafanyika.

Katika utamaduni wa Kirundi kazi hiyo ilikuwa ya abashingantahe. Jina lao linatokana na "gushinga", kusimika, na "intahe", fimbo ya uamuzi ambayo hupigwa chini wakati wa kutoa shauri. Umushingantahe hakuwa na cheo cha kurithi tu wala cha kuteuliwa kimyakimya. Alichunguzwa na majirani zake kwa muda, kisha akasimikwa hadharani kwa kiapo. Sifa iliyotafutwa iliitwa "ubupfura", uungwana wa tabia. Taasisi hiyo ilidhoofishwa wakati wa ukoloni na baada yake, lakini Mkataba wa Amani wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 ulitaja kuirejesha miongoni mwa hatua za kuijenga upya jamii ya Burundi. Kwa upande wa Tanzania, sheria ya mwaka 1985 iliyounda mabaraza ya kata ilitambua usuluhishi kuwa njia ya kushughulikia magomvi ya wananchi. Taratibu hizi mbili zina asili tofauti, lakini zinakubaliana katika jambo moja la msingi: ugomvi wa watu wawili ni mali ya wale wanaoishi nao, kwa sababu wao ndio watakaobaki na matokeo yake.

5.0 Kisa cha kumsemea

Hadi hapa msamiati uliochambuliwa unaweza kuonekana kana kwamba unatoa majibu rahisi: mtendee mwenzako wema, mkikosana mpatane. Ugumu hujitokeza pale wajibu mmoja unapougonga mwingine. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa nchini Burundi yaliwaleta Tanzania wakimbizi wapya, ambao walipokelewa katika kambi za mkoa wa Kigoma, yaani Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Na tufikirie kisa cha kubuni: mkazi wa Katumba, ambaye sasa ni raia, anapigiwa hodi usiku na mtoto wa dada yake aliyevuka mpaka bila kupitia kambini. Mgeni anaomba kulala, na baada ya kulala anaomba kukaa. Jirani anamwona asubuhi. Afanye nini mwenye nyumba, na afanye nini jirani?

Kitenzi kinachobeba kisa hiki ni "kumsemea". Ilitajwa hapo juu kwamba kumsemea mtu ni kusema kwa niaba yake. Lakini watoto wa shule wanaposema "Nitakusemea kwa mwalimu", maana yake ni kushtaki. Umbo moja lina mtetezi na mshtaki ndani yake. Jirani akienda ofisini kumsemea mgeni, anaweza kuwa amekwenda kumwombea kibali au kumtia mbaroni, na sarufi haitasema ni lipi. Hata mwenye nyumba mwenyewe yumo katika utata huo. Akinyamaza, anamlinda mpwa wake leo na kumwachia maisha ya kujificha kesho. Akisema, huenda akampeleka katika usalama wa kambi, au akamtenga na watu wa kwao pekee alionao.

Uchambuzi wa lugha hauwezi kuamua kisa hiki. Unaloweza kufanya ni kuonyesha swali linalopaswa kuulizwa kwanza. Kama kauli ya kutendea inadai kuwapo kwa mtendewa, basi kipimo cha kumsemea kuwa utetezi au usaliti ni iwapo anayesemewa ameshirikishwa. "Kusemezana", kuzungumza naye na kumsikiliza, kunapaswa kutangulia kumsemea. Mwenye nyumba anayekaa na mpwa wake, akamweleza sheria ilivyo na hatari iliyopo, akasikia hofu yake, kisha wakakubaliana nani aende na aseme nini, amemtendea haki hata kama matokeo hayatapendeza. Jirani anayepiga hodi kabla ya kwenda ofisini amefanya vivyo hivyo. Anayekwenda kimyakimya, hata kwa nia njema, amemsema, hajamsemea.

Kisa hiki kinafichua pia udhaifu wa maadili yanayoegemea vimilikishi. Mwenzangu na ndugu yangu ni maneno yenye nguvu, lakini nguvu yake hutokana na kuwabagua wasio wangu. Mpwa hupokelewa kwa kuwa ni mpwa. Je, angepokelewa mgeni asiye na mwenyewe? Liisa Malkki, katika kitabu chake Purity and Exile cha mwaka 1995, alieleza jinsi wakimbizi wa Mishamo walivyoshikilia utambulisho wao kama taifa lililo uhamishoni, huku wenzao waliokaa mjini Kigoma wakichangamana na wengine na kuepuka kutambulishwa hivyo. Utafiti huo unaonyesha kwamba "sisi" inaweza kuwa kimbilio, na inaweza pia kuwa ukuta.

Hapo ndipo neno "mtu" linapokuwa na umuhimu wa pekee. Tofauti na mwenzi, mtu husimama bila kimilikishi. Na akipewa kimilikishi, kama katika "mtu wangu", maana hubadilika na kuwa ya mpenzi au msiri. Nomino dhahania "utu" haina mwenyewe kabisa. Mwenziwe wa Kirundi, "ubuntu", amechukua hata maana ya ukarimu, kiasi kwamba "ku buntu" ni kupewa kitu bure, bila malipo. Maana hiyo ya Kirundi inaongeza jambo ambalo Kiswahili hakilitamki waziwazi: anachodaiwa mtu kwa sababu tu ni mtu hakina deni lililotangulia wala malipo yatakayofuata.

Hata hivyo tahadhari ni ya lazima. Waliouawa mwaka 1972 na wengi wa waliowaua walisema Kirundi, na wote walilijua neno ubuntu. Lugha haimzuii mtu kutenda uovu. Humpa tu maneno ambayo kwayo uovu wake unaweza kutajwa, naye akakosa mahali pa kujificha ndani ya lugha yake mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, zilikubaliana kwamba wakimbizi wa 1972 wachague kurudi au kuomba uraia. Takribani wanne kati ya kila watano walichagua kubaki, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia. Hapo awali walitakiwa wahame makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Mpango huo baadaye uliachwa, na utoaji wa vyeti ulianza mwaka 2014. Kwa miaka hiyo kati ya kukubaliwa na kupewa vyeti, wakazi hao hawakujua kwa yakini kama jirani wa leo angekuwa jirani wa mwaka ujao.

Msamiati uliochambuliwa unasaidia kueleza kwa nini sharti la kuhama lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana kwenye karatasi. "Raia", neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kundi linalochungwa, ni uhusiano wa mtu na dola, na unaweza kutolewa kwa cheti siku moja. Ujirani na uwenzi ni mahusiano ya mtu na mtu. Hutengenezwa kwa kutendeana, kwa miaka, mahali pamoja, na hakuna ofisi inayoweza kuyatoa. Hali kadhalika, hakuna ofisi inayoweza kumwondolea mtu wajibu wake kwa jirani kwa kumbadilishia jina.

Kwa muhtasari, mambo matatu yamejitokeza. Kwanza, Kiswahili humpa mtendewa nafasi ndani ya kitenzi, na kutenda haki ni kuijaza nafasi hiyo kwa kumsikiliza aliyemo. Pili, majina ya uhusiano kama mwenzi na ndugu yana nguvu kwa sababu yana mwenyewe, na kwa sababu hiyohiyo hayatoshi. Tatu, utu ndio unaoyasahihisha, kwa kuwa hauna mwenyewe. Mtu aliyezaliwa Katumba akaitwa kwa tendo ambalo hakulitenda alistahili kutendewa kama mtu tangu siku ya kwanza, kabla hajaitwa mkimbizi na kabla hajaitwa raia.